Picha Niliyoiona Mara Moja

Mume wangu aliiweka ile aplikesheni katika simu yangu jioni moja akiwa ameketi mlangoni, miguu ndani ya beseni, akingoja maji yalainishe udongo uliokauka katikati ya vidole. Alikuwa mchimbaji wa madini kwa mkono, kreseri kama tunavyowaita hapa Kolwezi, na mashimo aliyokuwa akiingia hayakuwa yote ya ruhusa. Mengine yalikuwa ndani ya uzio wa kampuni. Walinzi wakimkamata mtu siku hizo hawakuanza na gunia lake. Walianza na simu. Picha ya shimo ikikutwa mule, mtu hana tena la kujitetea.

"Picha nitakutumia humu tu," aliniambia. "Unaangalia, inapotea. Bakifungua telefone yangu, habatakuta kitu."

Mimi nilikuwa nashona nguo barazani kwetu, mtaa wa Musonoi, na tangu siku ile simu ikawa inakaa juu ya cherehani, karibu na mkasi. Ikitetemeka, naacha kitambaa. Naona uso wake, meno meupe katika vumbi, nyuma yake ukuta wa udongo mwekundu, kisha hakuna kitu. Sekunde chache tu. Wakati mwingine mteja alikuwa anauliza bei ya mikono mirefu, nami nachungulia upesi, na picha inaondoka kabla sijaridhika. Lakini nilikuwa nimejua kwamba yuko juu ya shimo, anapumua. Hiyo ilinitosha mpaka saa sita.

Baadaye aplikesheni ikaanza kubadilika. Zikaja picha za kukaa siku nzima, kila rafiki azione. Vijana wa timu yake wakafurahi sana. Wakajipiga picha zenye muziki, wamebeba mawe ya kijani mabegani kama watoto wachanga. Mmoja wao alichukuliwa na polisi juma lile lile. Mtu alikuwa ameiweka simu yake mbele ya simu ya mwenzake na kuipiga picha ile picha. Ilipopotea kule, huku ilikuwa imebaki. Mume wangu aliposikia, nilimwona anafuta vitu katika simu yake, ingawa hakukuwa na cha kufuta.

Kisha ikaja ramani. Hiyo niliipenda kwa wiki moja labda. Unaifungua, unaona mtu mdogo wa katuni amesimama mahali pale pale mtu wako alipo. Wangu nilimwona barabarani, nikamwona sokoni, nikamwona anarudi nyumbani, nikainjika sufuria ya bukari, ugali wetu, kabla hajapiga hodi. Halafu binti wa shangazi yake, anayeishi Lubumbashi, akanipigia simu; mimi huniita yaya, dada mkubwa, na mume wangu humwita tata, baba.

"Yaya, sababu ya nini tata eko ndani ya uzio ya kampuni?"

"Nani amekuambia?"

"Namuona. Eko katikati ya shimo kubwa, amesimama."

Kama yeye anamwona kutoka Lubumbashi, amelala kitandani mwake, nani mwingine anamwona? Watu aliokuwa amewakubali katika ile aplikesheni wengine hatukuwajua vizuri, vijana wa kukutana tu njiani. Aliporudi nilimweleza, na yeye akabonyeza akajificha. Yule mtu wa katuni akatoweka katika ramani yangu pia. Nilimwomba aniachie mimi peke yangu nimwone. Akakataa.

"Kama wewe unaona, na mwenye kukunyang'anya telefone ataona," alisema.

Hakuwa amekosea. Lakini tangu hapo sikujua tena yuko wapi, ila zile sekunde chache.

Siku ninayotaka kusimulia mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikakatika, jua likawaka kali. Picha ilikuja nikiwa naweka zipu katika sketi ya shule. Niliifungua. Alikuwa chini ya hema la plastiki la rangi ya machungwa, lile wanalofunika nalo mdomo wa shimo, na uso wake wote ulikuwa wa rangi ile. Anacheka. Ikapotea. Nikarudi kwenye zipu.

Sketi ilikuwa bado haijaisha niliposikia wanawake wanakimbia njiani. Mmoja alikuwa amebeba kiatu kimoja mkononi. Alipita akilia, "Kumeanguka! Kule juu kumeanguka!"

Sikumbuki kufunga mlango. Nakumbuka matope, na pikipiki zinatupita zimebeba wanaume wenye makoleo. Tulipofika, kilima kilikuwa kimekatika upande mmoja na kuteremka juu ya mashimo. Walinzi wenyewe walikuwa wamesimama mbali wakitazama, hawafukuzi mtu. Mashimo yaliyokuwa pale yalikuwa mengi, yamekaribiana, na sasa yote yalikuwa udongo mmoja uliolowa. Mahema yalikuwa yamekokotwa huku na huku. Yote ya rangi ya machungwa. Kila moja kama lingine.

Mkubwa wa timu yao, mzee mfupi aliyekuwa akija kunywa chai kwetu, alinishika mkono.

"Mama, leo hakuingia na sisi. Alikuambia anaingia shimo gani?"

"Hakuniambia. Alinitumia picha."

"Onyesha."

"Imepotea, tata."

Alinitazama, kisha akatazama simu yangu kama kitu kilichomtukana. Wanaume wengine walikuwa wameanza kuchimba upande wa chini, kwa sababu kofia ilikuwa imeonekana pale katika matope. Haikuwa kofia ya mume wangu. Nilifumba macho. Niliona uso, meno, rangi ya machungwa. Nikajilazimisha nitazame nyuma yake. Pembeni, juu ya bega, plastiki ilikuwa imechanika, na mtu alikuwa ameiziba kwa kipande cha gunia jeupe la mchele, kwa mishono mirefu ya ovyo. Nilikuwa nimeiona mishono ile na kuicheka moyoni, katika zile sekunde.

Nilipita kutoka hema hadi hema nikifuta matope kwa mikono. Lenye kiraka cheupe lilikuwa upande wa juu, nusu yake imezikwa.

"Ni hapa."

"Mama, uko na hakika?" aliuliza yule mkubwa. "Nikitoa batu kule niwalete huku, na kama umedanganyika..."

Hakumalizia. Sikuwa na hakika. Mahema huhama, watu huazimana. Hofu niliyoisikia wakati ule haikuwa tena ya kufiwa, ilikuwa ya kinywa changu mwenyewe.

"Ni hapa," nilisema tena.

Aliwagawa. Nusu wakabaki kwenye kofia, nusu wakapanda. Walifukua mdomo wa shimo la jirani, wakapitia njia yake ya chini, wakachimba kwa mikono na makoleo yaliyokatwa mpini, na jua lilikuwa limeanza kuinama waliposikia jiwe likigongwa ndani. Walimtoa mgongo kwanza. Mguu ulikuwa umevunjika, kinywa kimejaa udongo, lakini alikuwa akikohoa. Nilimwosha uso kwa kitenge changu.

Mwenye kofia alitolewa kesho yake. Alikuwa kijana aliyetoka Kasai, ana mke na mtoto mchanga. Yule mkubwa aliniambia alikufa papo hapo udongo ulipomwangukia, kwamba hata watu wote wangebaki pale isingebadili kitu. Aliniambia bila mimi kumwuliza.

Mume wangu alipona, anachechemea, na sasa anauza mafuta ya pikipiki katika chupa kando ya barabara. Aplikesheni bado iko. Siku hizi inataka kumwekea mtu kila kitu, inaniletea picha za mwaka jana na kuniuliza kama nakumbuka. Ile moja haimo.

Mke wa yule kijana alikuja kwangu baada ya matanga, mtoto mgongoni. Hakutaka kuketi.

"Banasema uliona picha ya kule. Bwana yangu alikuwa mule?"

"Hapana, mama. Niliona wangu tu."

"Fikiri tena. Pembeni. Hakukuwa mutu?"

Nilifumba macho kwa ajili yake. Uso, meno, kiraka. "Hapana."

Alishukuru akaenda. Juma lililofuata akarudi na swali lile lile, na juma lingine pia. Kila anapokuja nafumba macho, kwa sababu siwezi kumnyima hilo, na kila mara naangalia pembeni mwa picha alipotaka niangalie. Mume wangu anasema alikuwa peke yake chini ya lile hema. Anaapa. Lakini tangu mwezi uliopita, nikiangalia pale, naanza kuona bega la mtu mwingine, na sina mahali pa kwenda kuhakikisha.