Maelezo ya Kijivu

Mume wangu wanafunzi wanamwita Bwana Rangi. Anafundisha kuandika programu za kompyuta, na masomo yake huyaweka kwenye tovuti aliyoijenga mwenyewe. Kila mstari wa msimbo, yaani maandishi ya programu, ameupaka rangi: amri buluu, namba nyekundu, maneno yaliyo ndani ya nukuu kijani. Katikati ya mistari huandika maelezo kwa kijivu hafifu, eti yasishindane na msimbo wenyewe. Haya, mwenye kazi ndiye anayejua.

Kilichomchosha ni maswali. Awe anakunywa chai, awe anaoga, simu inalia: "Mwalimu, mstari huu unafanya nini?" Na jibu liko pale pale, juu ya mstari! Mwanzoni alijibu kwa upole, akachoka, mwishowe akawa anafoka tu. "Huna macho?" ndiyo yakawa majibu yake. Jumapili moja akaniambia, "Mama watoto, tovuti naifunga. Nimechoka kumpigia mbuzi gitaa." Akaweka tangazo. Sikumbishia. Hata mimi nilikuwa nimechoka kuishi na mtu aliyenuna.

Alasiri binti mmoja wa darasa lake akabisha hodi. Tukamtokea nje.

"Shikamoo mwalimu. Nimeona tangazo. Tafadhali usiifunge, wengine hatuna pengine pa kujifunzia."

"Marahaba. Mnajifunza nini, na maelezo hamyasomi?"

"Maelezo gani?"

Loh! Nilidhani atammeza mzima mzima. Akaichukua simu ya binti aangalie. Kioo kimepasuka, mwanga umepunguzwa kabisa ili chaji ifike jioni, na jua linawaka. Buluu ilionekana, kijani ilionekana. Penye kijivu, ukurasa ulikuwa mweupe pe. Mume wangu siku zote huyatazama masomo yake kwenye kompyuta yake kubwa, chumbani, pazia limefungwa. Angejuaje?

Akaingia ndani, akabadilisha ile rangi ikawa nyeusi tii, akarudi kusimama mlangoni. Binti akafungua somo la kwanza, akasoma kwa sauti: "Hapa wengi hukosea. Usijione mjinga. Pumzika kidogo, jaribu tena, ukikwama niulize."

Kisha akauliza taratibu, "Mwalimu, haya umeyaandika wewe?"

Kabla mume wangu hajajibu, nikamjibia mimi: "Ndiye, mwanangu. Ni yeye huyu huyu."