Marehemu Niliyemsingizia

Jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka. Sikuwa nimelewa, mimi ni Msabato na pombe sijawahi kuionja. Nimezeeka sasa na sina faida ya kudanganya. Uongo niliousema siku ile unanitosha.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa magari Awendo, na nilikuwa na pikapu iliyofanya kazi yoyote ya kukodiwa. Siku hiyo nilikodiwa kubeba maiti kutoka mochari ya Homa Bay hadi kwao, mbele ya Ndhiwa. Marehemu aliitwa Owino. Nyuma, kando ya jeneza, walikaa dada yake, jamaa wachache na mjane wake, ambaye wote walimwita Nyar Kisegi, yaani binti wa Kisegi, kwa kuwa alizaliwa huko. Mbele nilikaa na ami ya marehemu, mzee mpole tu. Kwetu maiti haisafirishwi kimya kimya. Kila njia panda mtu humwambia marehemu wamefika wapi, asije akapotea.

Tulipopita njia panda ya Rodi, gurudumu la mbele la kulia lilianza kusaga. Unaijua sauti hiyo? Kama mashine ya unga iliyoingia changarawe. Nilipokata kona ya kushoto ilipanda, barabara iliponyooka ikashuka. Fundi hahitaji zaidi ya hapo. Ukikata kushoto uzito huegemea kulia, na beringi iliyokufa upande huo hulia. Na beringi hiyo niliifunga mimi: kuukuu, nimeitoa kwenye gari lililoanguka, nikaiosha kwa mafuta ya taa na kuijaza grisi. Wiki nzima nilikuwa naisikia. Nyingine nzuri ilikuwa ndani ya sanduku la vifaa, nami nikawa nasema kesho.

"Fundi, hiyo ni nini?" mzee akauliza.

Ningesema ni beringi, basi. Lakini fundi kubeba maiti kwa gari bovu alilolitengeneza mwenyewe? Awendo nzima ingenicheka.

"Gari ni zima, mzee," nikajibu.

Akafikiri kidogo. "Basi ni yeye. Hatukumwambia tumepita Rodi."

Aligeuka, akagonga kioo cha nyuma. "Owino mwanangu, Rodi tumeiacha, sasa tunakwenda Ndhiwa. Usikasirike."

Barabara hapo ilikuwa imenyooka, kelele ikatulia. Mzee akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Kwenye kona iliyofuata ikarudi, mbaya zaidi, nikalazimika kusimama.

Hapo dada ya marehemu akaanza. "Ami, kaka hamtaki mke wake huyu karibu naye. Muulize alimlisha nini."

"Nimemuuguza miezi minane," Nyar Kisegi akasema. "Wewe ulikuja mara moja, ukamaliza mkate wake."

"Unamsikia? Na jeneza liko hapa."

Mzee hakutaka ugomvi mbele ya maiti. Akamwambia Nyar Kisegi ashuke, atufuate kwa miguu. Akashuka. Niliondoa gari polepole mahali palipokuwa pamenyooka, na kelele ikashuka hadi ikakaribia kupotea. Wote walisikia. Niamini, mimi peke yangu nilijua kwa nini, nikakaza macho barabarani.

Kwenye duka moja nilisimama nikasema injini inataka maji. Watu wakaenda kunywa soda kivulini. Mzee alibaki kwenye kiti chake, akasinzia. Nikaweka jeki, nikatoa gurudumu, nikafungua. Gololi zilikuwa zimevunjika vipande vipande. Nilifunga beringi nzuri, na bado habu, kitovu cha gurudumu, ilikuwa na moto hivi kwamba tone la maji lilitoa mvuke. Ndipo mkono ukatokea kando yangu, ukaishika habu ile kama mtu anavyoshika gunzi.

Mwanamume alikuwa amechuchumaa karibu nami. Suti nyeusi, tai imefungwa vizuri, miguu haina viatu. Koti lilikuwa limepasuliwa mgongoni kutoka shingoni hadi kiunoni, vile wanavyofanya mochari ili kumvisha mtu aliyekauka.

"Beringi," akasema.

"Ndiyo."

"Uliisikia lini?"

"Wiki jana."

"Na mimi, ulinisikia wapi nikisema simtaki mke wangu?"

Nikaokota spana. Alinipa nati moja baada ya nyingine, baridi kama zimetoka kwenye friji, mpaka nikamaliza kufunga gurudumu.

"Waambie," akasema. Nilipoinua macho hapakuwa na mtu.

Watu walirudi, mzee akaamka. Nyar Kisegi naye alikuwa anafika, vumbi hadi magotini.

"Owino amekubali twende, fundi?" mzee akauliza.

Wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Amekubali, mzee."

Gari lilikwenda kimya hadi nyumbani, na Nyar Kisegi akaachwa atembee njia yote. Ukimya huo ndio uliomhukumu. Jeneza lilipofunguliwa watu wamuage Owino, kiganja chake cha kulia kilikuwa cheusi kwa grisi. Wakanong'ona kwamba ni sumu inatoka. Kabla ya mavuno mama yule alirudishwa Kisegi pamoja na watoto wake wawili, hata sufuria hakupewa.

Tangu siku hiyo, kila gari ninalopanda husaga upande wa kulia. Madereva husema hawasikii kitu. Ufundi niliuacha, kwa maana fundi anayesikia kelele isiyokuwepo atamtengenezea nani?

Baada ya miaka kadhaa nilikwenda Kisegi. Nilimkuta akianika omena, wale dagaa wa ziwani, nikamweleza yote. Aliendelea kuwageuza.

"Mimi niliishi naye, fundi. Nilijua hanikatai," akasema. "Waliotakiwa kusikia walikuwa ndani ya gari lako."

Mzee alikuwa ameshakufa. Nilimwendea yule dada, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema Nyar Kisegi ameniroga na mimi.

Basi wewe, ukijua kelele inatoka wapi, sema pale pale, gari likiwa bado linalia na watu wote wamo. Likishatulia, hutaaminiwa na mtu.