Albamu Mpya ya Marehemu

Juzi, katika duka la Ukunda ambako watu hutiliwa nyimbo kwenye flashi, nilimkuta mwanamuziki mkongwe wa roki aliyepiga gitaa miaka mingi katika hoteli za Diani. Alikuwa ameleta albamu yake mpya, ya kwanza aliyoimba peke yake. Muuzaji akaipiga kwenye spika.

Mama mmoja aliitambua sauti. “Huyu alikuwa fundi. Mwenyezi Mungu amrehemu.”

Mzee mwenyewe aliinua viganja, akajipangusa uso, akaitikia, “Amin.”

“Nitilie zote,” mama akamwambia muuzaji.

Alipokwenda zake, nilimuuliza mzee mbona hakujitambulisha.

“Ndiye mteja wa kwanza tangu asubuhi, mwanangu,” akanijibu. “Ningefufuka, angebadili nia.”

Mimi, niliyejua kuwa yu hai, sikununua hata wimbo mmoja.