Seva Iliyozikataa Kompyuta za Wodi

Istahil Warfa alitunza kompyuta za hospitali moja ya binafsi mjini Garissa. Asubuhi moja, kabla ya wagonjwa kufika, aliiwekea seva, yaani kompyuta kuu, toleo jipya la programu ya kuhifadhia rekodi zao. Ikawaka vizuri. Hakuwa amemaliza chai yake muuguzi Hamda alipoingia anahema.

"Abaayo, dada yangu, wodini hakuna faili linalofunguka. Na Ebla, yule mgonjwa wa kutoka Buna, ameletwa, mguu umeoza, homa iko juu. Daktari anataka kumdunga, hawezi kungoja sana."

Istahil alimkumbuka Ebla. Mwaka jana sindano ilimziba pumzi, nusura afe. Jina la dawa ile Ebla mwenyewe hakulijua. Lilikuwa ndani ya seva.

Nimefuta kila kitu, aliwaza.

Wodini kila kompyuta ilikataa kuunganika. Daud, meneja, alisimama nyuma yake.

"Rudisha nakala ya zamani, tuendelee na kazi."

Alitamani kukubali, ili tu hofu imwache. Lakini nakala ile ilikuwa ya wiki iliyopita. Kuirudisha kungefuta kila kilichoandikwa baadaye.

"Nipe dakika chache, walaal, ndugu yangu."

Akausoma ujumbe wa kwenye kioo polepole. Haukusema rekodi hazipo. Ulisema programu ya wodini haiijui njia ambayo seva inathibitishia nenosiri. Programu zile hazikuguswa kwa miaka. Seva ndiyo pekee iliyobadilika. Basi huenda rekodi zimo. Huenda.

Alikwenda kwenye chumba cha seva, akaitafuta rekodi kutoka huko huko. Kwa haraka akakosea jina la Ebla, akalifuta, akaandika tena. Likatokea. Akampigia Hamda.

"Penisilini. Msimpe penisilini."

Istahil alisikia kwenye simu mtu akilia wodini.

"Hamda?"

"Daktari alikuwa ameishika sindano yake," Hamda alisema kwa sauti ndogo. "Ameiweka chini."

Ebla akapewa dawa nyingine. Istahil alipita kompyuta moja baada ya nyingine akiweka programu inayolingana na seva, na faili zikafunguka. Alimwambia Daud kwamba siku nyingine atajaribu kwanza na kompyuta moja ya wodi. Daud akaitikia kwa kichwa.

Alipokwenda kuswali adhuhuri, alipotewa na hesabu ya rakaa, akaanza upya.