Udongo wa Ukumbi wa Dansi

Mwaka wa tatu tangu kaka yangu avuke mpaka kwenda Tororo kupiga saksafoni harusini na asirudi, mama alichoka kungoja. Akaamua tuzike mgomba, kama tufanyavyo kwetu Butula mwili ukikosekana. Lakini mgomba mtupu hautoshi. Lazima mtu aende pale marehemu alipoonekana mara ya mwisho, achote udongo, amwite, kisha ambebe hadi nyumbani bila kumsemesha mtu yeyote. Ukifungua mdomo, anabaki njiani.

Nikatumwa mimi, dada mtu, mimi ambaye hata kanisani hunyamazishwa. Kaka angecheka mpaka alie.

Mahali penyewe palikuwa ule ukumbi wa dansi wa Malaba, pale mpakani, alikopiga usiku wa mwisho kabla ya kuvuka. Nilifika, ukumbi hakuna. Nikakuta uwanja wa malori na matope. Kila niliyemuuliza alikana kwamba ukumbi uliwahi kuwapo, na wengine walinitazama hivi, kama nimerukwa na akili. Nilikasirika. Nusu ya hao walicheza pale kila Jumamosi, nawajua.

Mama mmoja muuza chai, aliyewahi kupika pale, ndiye aliyenionea huruma. Alianzia kwenye tangi kuukuu la maji, akahesabu hatua, akasimama kando ya lori la chumvi.

"Jukwaa liko hapa chini," akasema. "Kaka yako alisimama upande huu wa jikoni. Alipenda samaki wangu."

Dereva alikataa kusogeza lori. Nikaingia uvunguni kwa tumbo, na gauni langu la kanisani. Chini ya matope nikagusa saruji nyekundu, sakafu yenyewe. Nikachota udongo ulionuka oili, nikautia kwenye mkebe wa majani ya chai. Nikamwita kaka jina lake, nikamwambia twende nyumbani. Kuanzia hapo nikafunga mdomo.

Kwenye kizuizi, askari akanishusha kwenye basi. Siku hizo walikuwa wakisaka kahawa ya magendo. Akauliza nimebeba nini. Nikatikisa kichwa. Akauliza tena kwa ukali, kisha akafungua mkebe na kuanza kuuinamisha mtaroni.

"Afande, ni udongo tu," nikasema.

Akanirudishia na kuniambia nipande basi.

Mama alikuwa amesimama langoni. "Uliongea na mtu?"

"Hapana, mama."

Akaupokea mkebe kwa mikono miwili, akamkaribisha mwanawe, akamuuliza kama amechoka. Tulizika jioni hiyo. Kuanzia siku ile mama aliacha kumngoja. Mimi ndipo nikaanza.