Kaka wa Bibi na Jimbo Lililogawanywa

Msimu wa doriani, lile tunda zito la miiba, ukifika, soko la mjini Morogoro hunuka kutoka mbali. Wageni huziba pua na kuuliza kama kuna bomba la gesi limepasuka. Jirani yangu, mwalimu aliyehamia hapa kutoka Mwanza, alishaniomba kwa adabu zote nisilipitishe tunda lile getini kwetu. Mimi harufu hiyo hunipandisha hasira, lakini tunda halina kosa. Hunirudisha milimani, juu ya Mkuyuni, kwenye shamba la bibi yangu mzaa mama, mwaka ambao midoriani yetu ilikatwa. Hadi leo nikikumbuka, chai hainishuki.

Kwetu Uluguru ardhi hufuata upande wa mama. Shamba lile lilikuwa la lukolo, yaani ukoo wa akina mama, na bibi alikuwa mtunzaji tu, kama mama yake aliyepanda midoriani ile alivyokuwa mtunzaji kabla yake. Miti ilikuwa mirefu, hakuna aliyethubutu kuikwea. Tulisubiri matunda yaanguke yenyewe, na tukisikia kishindo tukiwa kitandani, tulibishana nani atalala macho ili kuliwahi tunda alfajiri. Bibi alitukataza kukaa chini ya miti ile. Alisema doriani ikidondoka haiulizi huyu ni mtoto wa nani.

Na penye ardhi ya lukolo lazima pawe na mjomba. Kaka wa akina mama ndiye mwenye sauti: akisema hapa palimwe, panalimwa, akisema mti uondoke, unaondoka. Nyumba yetu haikuwa na mjomba. Kaka wa pekee wa bibi alifariki kabla sijazaliwa, na kila ulipozuka ubishi wa mpaka, au ilipokuja posa, bibi alikwenda kuazima wanaume wa nyumba nyingine wamsemee. Nilimwona akirudi kutoka vikao hivyo amechoka kuliko siku ya kulima.

Ndipo akaja mgombea ubunge. Jimbo letu wakati huo lilikuwa moja, kubwa, likianzia huku kwetu kwenye migomba na karafuu na kushuka mpaka Kisaki kwenye joto, reli inakopita. Shuleni tulikaririshwa jina lake, nami nilidhani jimbo ni kitu kama shamba, lina mwenyewe na halihami. Mgombea huyo aliulizia koo za watu, akagundua, au alisema amegundua, kwamba mama yake na bibi walikuwa wa lukolo moja. Akavua viatu, akaketi mkekani kwetu, akala ndizi kwa mkono.

"Dada," alimwambia bibi, "hapa sikuja kuomba kura. Kwa dada yake mtu haombi kura."

Bibi alilia. Tangu siku hiyo mama alimwamkia shikamoo mjomba, nami nikawa na babu mheshimiwa, nikaringa shuleni hadi wenzangu wakanichoka. Alishinda, bila shaka. Kila msimu gari lake lilipopita Mkuyuni, bibi alishuka kumpakilia doriani nzuri kuliko zote, sisi tukala zilizopasuka.

Uchaguzi wa pili alikuja na barabara. Kutoka Mkuyuni hadi kwetu palikuwa na njia ya miguu tu, na mjamzito aliyezidiwa alishushwa kwa machela kwenye utelezi. Hakuna aliyeikataa barabara. Alisema katapila lipo tayari, ila fedha ya fidia hakuna, kwa hiyo wananchi wasafishe njia wenyewe. Majirani walitazamana. Mmoja alikuwa na mifenesi njiani, mwingine midalasini, na midoriani yetu ilisimama katikati kabisa. Hakuna aliyesema ndiyo. Akamgeukia bibi mbele ya mkutano mzima.

"Dada yangu ataanza," alisema.

Hilo halikuwa ombi. Mjomba alikuwa ametamka juu ya ardhi ya lukolo, na yeye mwenyewe, mtoto wa Mluguru, alijua vizuri anachokifanya. Laiti angeomba kama mbunge, bibi angemwambia asubiri ukoo ukae kikao. Aliomba kama kaka.

Miti ilikuwa imeanza kuchanua. Nakumbuka msumeno wa kuvutwa na watu wawili, na maua meupe yakiwamwagikia wakataji mgongoni, na bibi amesimama kando ameuma pindo la kanga. Majirani walipoona yeye ametoa yake, nao wakakata. Katapila lilikuja kweli. Lilikwangua kipande cha chini, karibu na barabara kuu, mpaka siku ya kura, kisha likaondoka. Mheshimiwa naye hatukumwona tena huku juu. Mvua za masika zikaifanya njia tuliyoisafisha kuwa korongo.

Uchaguzi uliofuata ulipoanza kunukia, redio ikatangaza kwamba jimbo letu limegawanywa. Watu wazima walishangilia, wakisema sasa tutakuwa na wabunge wawili wa kuwasumbua. Mheshimiwa akachagua kugombea upande wa bondeni. Bibi aliposikia kwamba atapita Mkuyuni siku ya gulio, alivaa kanga mpya, akanishika mkono tukashuka.

Gari lake lilisimama kwenye meza za matunda. Bibi alimsalimia, akamuulizia barabara. Alijibu akitabasamu, na upole ule ndio unaonichoma mpaka leo.

"Dada, kule juu si kwangu tena. Msubirini mtakayemchagua." Kisha akatupa macho mezani. "Ila siku hizi huniletei doriani. Vipi?"

"Miti ilikatwa, kaka."

"Nani kakata miti mizuri vile?"

Nilimtazama bibi nikisubiri amwambie. Mimi mwenyewe maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni. Bibi alisema, "Sisi wenyewe," akamtakia safari njema.

Haikuishia hapo. Wakubwa wa lukolo, ambao hawakuwepo kwenye mkutano ule, walipoona hakuna barabara na hakuna miti, walimwita bibi kikaoni. Walimuuliza nani alimpa ruhusa ya kukata mali ya ukoo. Alijibu kwamba aliamua mwenyewe. Wakamvua utunzaji wa shamba, wakampa binamu yake, na bibi yangu akamalizia uzee wake akiomba ruhusa ya kuchimba mihogo kwenye udongo aliozaliwa juu yake.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia. Kwa nini hakutaja jina? Nilidhani aliona aibu kwamba amedanganywa kuhusu barabara. Mpaka nilipomzika kaka yangu mwenyewe, nikabaki natazama huku na huku nani atanisemea, ndipo nikaelewa kwamba barabara haikumdanganya bibi hata kidogo. Barabara za kampeni alishaziona nyingi. Aliyemtaka alikuwa kaka. Kumtaja mbele ya ukoo yule mtu aliyekwisha kusema kule juu si kwake tena kungekuwa kukiri kwamba kaka hakuwahi kuwepo, alikuwepo mgombea tu. Akaona heri apoteze shamba.

Jimbo lile la zamani leo halipo. Watoto wa dada yangu hata jina lake hawalijui, na wakubwa husema kuligawa kulisogeza huduma kwa wananchi. Sawa, na wagawe watakavyo. Lakini mtu aliyejiita ndugu wa lukolo moja hakuwa na haki ya kuuvua undugu kwa sababu tu mpaka wa kura umesogezwa. Huo ni wizi, na hakuna kituo cha polisi nitakakoupeleka.

Bado yu hai, mzee sasa, amestaafu hapa hapa mjini. Juzi tulikutana msibani. Nilimwamkia, maana mkubwa ni mkubwa, naye akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamtajia jina la bibi na kijiji chetu. Alifikiri sana, amekunja uso, anatafuta kwa dhati.

"Huyo alikuwa wa jimbo gani?" aliniuliza.

"Alikuwa dada yako," nilimjibu.