Mfilipino Aliyesema Maneno ya Constance

Anaclet analinda magari. Naanzia hapo kwa makusudi, maana watu wetu hapa Durban wakimtaja huanza na sauti yake, na wengi hawajui kwamba mwenye sauti hiyo hushinda juani kwenye maegesho ya maduka kule Westville, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, akiwaelekeza kurudi nyuma watu wasiomtazama hata usoni. Siku nzima anaweza asiseme zaidi ya maneno kumi. "Sharp, boss." "Karibu tena." Basi.

Siku yake ya mapumziko ni Jumatano, na Jumatano huingia kabatini. Sifanyi mzaha. Anatoa nguo zote, anatundika blanketi mlangoni, anakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kompyuta magotini, simu ya kurekodia karibu na mdomo, na humo ndani anakuwa tajiri wa Manila, bibi harusi, mama mkwe, hata mbwa. Anatafsiri filamu za Kifilipino. Anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, anayageuza Kiswahili, anaongeza chumvi yake. Alizaliwa Kasulu, akasoma hadi kidato cha nne, na Kiingereza chake si haba. Akimaliza, filamu inaingia kwenye flashi, na kuanzia Umbilo hadi South Beach wanawake wanaisikiliza huku wakisukwa. Wakongo wanamwita Ya Anaclet, yaani kaka mkubwa, kwa heshima ambayo pale maegeshoni hajawahi kuionja.

Ya kabatini nayajua kwa sababu naishi nao. Flati yetu ya Umbilo ina chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa mbao nyembamba. Upande huu niko mimi, Sia, mwanamke wa Moshi, sina mume na sijui kunyamaza. Upande ule yuko Anaclet na mkewe Constance, Mkongo wa Bukavu. Mimi na Constance tunasuka saluni moja, kwa Yvette. Mbao zile hazizuii kitu, kwa hiyo nyumba kama zetu zina adabu yake: ulichosikia hujakisikia. Mwenzako akipiga chafya upande wa pili, humwambii hata afya. Adabu hiyo niliishika miaka miwili, tena nikijisifu nayo.

Jumapili moja asubuhi, mwezi wa tatu, nilikuwa napiga pasi gauni la kanisani, nikamsikia Constance analia kwa hasira. Mengi aliyasemea kwenye mto. Maneno machache tu ndiyo yaliyonifikia wazi: "Miye niko mutu, Anaclet! Hapana ukuta! Unalalaka pembeni yangu sawa vile uko pembeni ya ukuta!" Nikasubiri jibu, pasi nimeinyanyua juu. Nikasikia mlango, kisha viatu vya mwanamume vikishuka ngazi. Nikajisemea ndoa zina mambo, nikaendelea na kola.

Mwezi uliofuata Anaclet alipata filamu mpya. Ni ya mume na mke wa siku hizi, ghorofani, Manila. Mke anafanya kazi benki, mume ni mpishi na mgahawa wake umefungwa. Hamna mama mkwe mchawi humo wala mchepuko. Wanapendana, ila wameacha kuongea, wanatumiana ujumbe wa simu wakiwa kitanda kimoja. Constance ndiye aliyeileta saluni, Jumamosi mchana, akaichomeka kwenye televisheni kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa anajivunia mumewe, ingawa sidhani kama aliwahi kumwambia. Na alikuwa bado hajaitazama.

Saluni ilijaa. Wateja walikuwa vitini, wengine sakafuni wakisubiri, na mimi nilikuwa nachambua rasta. Filamu ikafika jikoni. Yule mke amesimama kwenye sinki, analia, midomo inakwenda mbio, na maandishi ya chini hayapo. Baadaye Anaclet alinieleza kwamba nakala yake ilikuwa na kasoro, dakika nne nzima hazikuwa na neno hata moja la Kiingereza, na Kifilipino yeye hajui hata salamu. Mwanamke analia, lazima aseme kitu. Akafumba macho mle kabatini na kusema yaliyomjia.

Sauti yake nyembamba, ile ya kike, ikatoka kwenye televisheni: "Mimi ni mtu! Si ukuta! Unalala kando yangu kama vile uko kando ya ukuta!"

Nikacheka. Nilicheka kabla ya kufikiri, nikamgeukia Constance, nikasema saluni nzima ikasikia: "Consta! Si maneno yako hayo? Shemeji kakuibia!"

Laiti ningeung'ata ulimi wangu ukatoka damu. Wanawake walicheka na mimi, shingo zote zikamgeukia, na walikuwa bado wanamtazama yeye, televisheni wameisahau, sauti ilipoendelea: "Tangu mimba ilipotoka hujanigusa hata mkono."

Filamu ile haikuwa na mimba. Mteja mmoja, hana ubaya masikini, akauliza, "Mimba gani tena? Hii imetokea wapi?" Yvette akamkanyaga mguu. Hakuna aliyewahi kujua kuhusu ile mimba. Hata mimi sikujua, ninayelala hatua mbili kutoka kitandani kwao. Januari Constance alilazwa siku tatu, akasema ni malaria ya nyumbani, nami nikampelekea machungwa na utani. Sasa vidole vyake vilikuwa vimesimama ndani ya nywele za mteja, uso umemshuka, na mimi ndiye niliyewaonyesha watu pa kutazama.

Kisha mume wa Kifilipino akajibu, kwa ile sauti nzito ya Anaclet inayopendwa na mji mzima. "Mpenzi wangu, sikuchukii. Naiogopa mikono yangu. Ni mikono hii iliyokuokota bafuni siku ile. Kila nikiinyoosha kwako, naiona tena siku ile." Akaweka na pumzi ndefu katikati, mahali penyewe hasa. Wanawake wawili walitokwa na machozi. Constance hakulia. Alimaliza msuko aliokuwa ameushika, akaufunga mwisho wake vizuri, akachomoa flashi, akachukua mkoba na kuondoka.

Nilifika nyumbani jioni, jua bado lipo. Constance alikuwa ameketi kitandani, viatu bado viko miguuni. Nikasimama penye pazia lao nikitafuta pa kuanzia, akaniwahi.

"Weye ulisikiaka yote, Sia?"

"Si yote, dada. Hilo la ukuta tu. Naapa hilo la—"

"Sawa."

Anaclet akaingia na kizibao chake. Alikuwa anatabasamu. Njiani watu walikuwa wamempigia simu kumsifu kwa ile sehemu ya jikoni. Akaiona flashi juu ya mto, akatuona sisi, tabasamu likamwisha taratibu, kuanzia machoni. Nilitakiwa kutoka. Sikutoka.

"Consta, mama, nisikilize," akasema. "Maandishi yalikatika. Sikujua niseme nini."

"Ule bibi ya Mufilipino, ulimupatia jibu," Constance akasema. Sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Jibu muzuri. Bamama balilia. Miye uliniachia mulango. Sasa niko hapa. Sema."

Anaclet akavua kizibao, akakikunja, akakikunjua. Akasafisha koo. "Mpenzi wangu," akaanza, "sikuchukii. Naiogopa..."

Ilikuwa ile sauti nzito, na pumzi yake mahali palepale. Sisi wote watatu tuliisikia. Constance akanyanyua kiganja.

"Huyo ni Mufilipino. Miye naulizia bwana yangu."

Sijawahi kuona mtu mzima akiaibika hivyo. Anaweza kuwa tajiri, bibi harusi na mbwa, lakini mume wa Constance hakujua anaongeaje. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye mbao zangu, na kilichomtoka mwishowe kilikuwa kisauti kikavu, cha kukatikakatika, ambacho hakuna mtu angekinunua.

"Nilipiga deki," akasema. "Bafuni. Wewe ukiwa hospitali. Nilipiga deki peke yangu mpaka asubuhi, Consta. Ile damu haikuwa inatoka sakafuni. Sikujua... nilikuwa namfuta mtoto, au nafuta nini. Sikujua nikwambieje."

Constance aliteremka kitandani, akakaa sakafuni mbele yake. Hakumgusa, wala yeye hakumgusa. Ndipo, bila kugeuza kichwa, Constance akasema, "Sia, toka."

Nikatoka na ndara, nikashuka ngazi hadi Umbilo Road, magari yakipita. Niliona aibu kuliko wao wote wawili, maana wao angalau walikuwa wamebaki na mtu wa kumwambia. Mimi samahani niliyoileta kutoka saluni nilikuwa bado nayo mdomoni, na tangu siku ile Constance hajanipa nafasi ya kuitoa.